Bima ilisema asilimia mia, mbona nadaiwa dola 247 za eksirei?

Swali: "Habari za kazi. Naishi Des Moines, Iowa, nafanya kazi ghalani na bima ya meno naipata kazini. Tulihama mtaa nikabadilisha kliniki. Kabla ya kwenda nilipiga simu, dada wa mapokezi akaniambia bima yangu wanaipokea, na kusafisha meno na eksirei ni asilimia mia. Nikaenda Septemba. Wakanipiga picha kabla hata sijamwona daktari: ile ya mashine inayozunguka kichwa, nne za kuuma kile kiplastiki, na moja ya jino la nyuma. Hawakunivisha hata lile joho zito la kujikinga. Sasa imekuja bili ya dola 247, zote za picha. Bima nao wameleta karatasi yao, nimeiambatisha. Kliniki ya zamani nilipigwa zile nne Novemba mwaka jana, na ya kuzunguka kichwa miaka miwili iliyopita. Nilipe? Halafu wanataka nirudi kwa 'deep cleaning', yaani kusafisha kwa kina, ya pande nne, na mwanangu wa miaka 9, ambaye ana Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo), ana miadi hapohapo mwezi ujao. Nimpeleke?"

Jibu:

Dada, usilipe 247. Ila bili yenyewe usiitupe, maana humo ndani zimo pesa wanazoweza kukudai na zimo wasizoweza. Kwa karatasi ya bima uliyonitumia, kikomo cha deni lako ni dola 128. Zile 119 zilizobaki kliniki haina haki ya kukudai, na hata hiyo 128 ina mahali pa kuzungumzika.

Karatasi ya bima, ile iliyoandikwa juu "Explanation of Benefits" na pembeni yake "This is not a bill" (hii si bili), wengi wetu huitia kwenye pipa pamoja na matangazo ya pizza. Hiyo ndiyo ya kutunza. Bili ya kliniki ni madai ya upande mmoja. Karatasi ya bima inakuonyesha mkataba baina ya kliniki na bima unasema nini juu ya kila huduma, mstari kwa mstari. Kliniki uliyokwenda imo kwenye mtandao wa bima yako, karatasi inaonyesha hivyo, na kliniki ikishaingia kwenye mtandao imesaini kupokea bei za mkataba. Bei hizo huwa chini ya zile anazotozwa mtu asiye na bima.

Sasa soma nami mistari yako mitatu. Wa kwanza una namba ya huduma D0330, ndiyo picha ya kuzunguka kichwa, panorama. Kliniki imeandika dola 135, bei ya mkataba ni 82, bima imelipa sifuri, na safu ya mwisho, sehemu ya mgonjwa, inasema 82. Wa pili ni D0274, zile nne za kuuma. Kliniki 78, mkataba 46, bima sifuri, mgonjwa 46. Wa tatu ni D0220, picha ya jino moja mpaka kwenye mzizi. Kliniki 34, mkataba 19, bima sifuri, mgonjwa sifuri. Jumlisha safu ya kwanza ya kliniki: 247. Ndiyo bili uliyoletewa. Jumlisha safu ya mwisho: 128. Wamekutumia bei za mtu wa nje ya bima, kana kwamba mkataba haupo.

Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kukuibia. Kwenye kliniki nyingi, malipo ya bima yakiingia, karani hulazimika kupunguza kila mstari kwa mkono hadi bei ya mkataba. Pale bima ilipolipa kitu, tofauti inaonekana wazi na anaikata. Pale bima ilipolipa sifuri, mstari unabaki na bei yake ya mwanzo, kompyuta inachapa bili usiku, na asubuhi barua iko njiani. Ni kosa la kawaida mno, na wengi hulilipa bila kujua kwa sababu hawakulinganisha karatasi mbili.

Mstari wa tatu una jambo zito zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kwa nini picha mbili za kwanza bima imekataa na sehemu yako ni bei nzima ya mkataba, halafu hii ya tatu imekataa na sehemu yako ni sifuri? Tazama maelezo madogo chini ya jedwali. Mbili za kwanza zimeandikwa "denied". Ya tatu imeandikwa "disallowed", na sababu yake ni kwamba imehesabiwa ndani ya picha nyingine za siku hiyohiyo. Kwa mtu wa kawaida yote mawili ni kukataliwa. Kwa mkataba ni mambo mawili tofauti. Ya kwanza inasema bima hailipi, kwa hiyo daktari anaweza kumdai mgonjwa, kwa bei ya mkataba. Ya pili inasema bima hailipi na daktari wa ndani ya mtandao haruhusiwi kumdai mgonjwa. Hasara ni yake. Kampuni nyingi za bima ya meno Marekani hufanya hivi daktari akipiga panorama, picha za kuuma na za jino moja moja siku moja: zikifikia bei ya ile seti kamili ya kinywa kizima, yenye picha kati ya 14 na 22, kinachozidi hapo hakilipwi na hakidaiwi kwa mtu. Kwa hiyo ile 34 futa kabisa. Ukiwapigia simu, neno hilo la "disallowed" litamke wewe mwenyewe kwa kuwasomea karatasi. Karani mzoefu akilisikia huacha kubishana.

Zimebaki 82 na 46. Hizi zimekwama kwenye hesabu ya muda. Asilimia mia uliyoambiwa ilikuwa kweli, lakini ni asilimia mia ya bei ya mkataba, kwa idadi ya mara ambazo mpango wako unakubali. Kwa mipango mingi picha za kuuma hulipwa mara moja kwa mwaka, na panorama au seti kamili mara moja kila miaka mitatu au mitano, tena hizo mbili hugawana nafasi moja: ukipigwa moja, umetumia na ya mwenzake. Mpango wako ni miezi 60 kwa panorama, nawe ulipigwa miaka miwili iliyopita. Hapo hakuna ubishi.

Zile za kuuma zinauma kweli. Kuna mipango inayohesabu mwaka wa kalenda: ukipigwa Novemba, Januari unaanza upya. Kuna mingine inayohesabu miezi 12 kamili tangu siku ya picha, na siku moja kabla ni kukataliwa. Wako ni wa miezi 12. Novemba hadi Septemba ni miezi kumi. Ungepigwa mwishoni mwa Novemba usingedaiwa hata senti kwa hizo nne.

Usichukue huo mwaka mmoja wa bima ukadhani ni agizo la daktari. Ni kikomo cha malipo tu. Mwongozo wa mwaka 2012 wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, pamoja na mamlaka ya dawa ya huko, FDA, unasema mtu mzima asiye na meno yaliyooza na asiye kwenye hatari anaweza kukaa miezi 24 hadi 36 kati ya picha za kuuma na nyingine. Aliye kwenye hatari, miezi 6 hadi 18. Mwongozo huohuo unataka daktari amchunguze mgonjwa na kusoma historia yake kwanza, ndipo aamue picha ipi inahitajika. Wewe unasema ulipigwa zote kabla hujamwona daktari. Kliniki nyingi hufanya hivyo kwa mgonjwa mpya ili kuokoa muda wa kiti, na ukiwauliza watakuambia ni utaratibu. Utaratibu wao hauwezi kuwa sababu ya kitabibu. Hiyo ndiyo sehemu ya kushika kwenye mazungumzo juu ya 128.

Ya pili ya kushika ni kwamba kliniki ya zamani ilikuwa nazo picha zote hizo. Siku hizi zinatumwa kwa barua pepe dakika hiyohiyo. Mgonjwa mpya akiingia, swali la kwanza la mapokezi lingekuwa ulipigwa lini na wapi, na la pili, tuombe nakala? Hawakuuliza. Badala yake dada wa mapokezi aliangalia kwenye tovuti ya bima, akaona kiwango cha asilimia, hakuangalia historia ya matumizi, akakujibu haraka maana simu nyingine inalia. Mimi nimekaa upande huo wa dirisha na najua jinsi jibu la "asilimia mia" linavyotoka mdomoni.

Lakini sitakudanganya kwamba jibu la simu linakuokoa. Siku ile ulipofika ulipewa kidubwasha cha kusaini kwa kidole, kurasa kadhaa. Moja ya kurasa hizo karibu kila kliniki huandika kwamba makadirio ya bima si ahadi, na kisicholipwa na bima atalipa mgonjwa. Nyumbani tumezoea kulipa dirishani kwanza, unapewa risiti, ndipo unapigwa picha, ukishatoka umetoka. Huku huduma inatangulia na bei inakufuata nyumbani wiki tano baadaye, na saini yako iko upande wao.

Kwa hiyo la kufanya ni hili. Piga simu, uliza meneja wa ofisi au anayeshughulika na bili, usimalizane na mapokezi. Mwambie unayo karatasi ya bima mkononi, na unaomba akaunti yako irekebishwe iwiane na safu ya mgonjwa: D0220 iwe sifuri, D0330 iwe 82, D0274 iwe 46. Akikubali, aitume taarifa mpya kwa maandishi. Hiyo hatua ya kwanza si ombi la hisani, ni mkataba wao. Akikataa, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uwaeleze kwamba daktari wa ndani ya mtandao anakudai zaidi ya sehemu ya mgonjwa. Bima ina watu wanaoshughulika na madaktari wa mtandao, na simu yao hujibiwa upesi kuliko yako.

Baada ya hapo ndipo unaomba hisani, na usione haya. Sema kwa utulivu: nilipiga simu kabla, nikaambiwa asilimia mia, hamkuuliza picha zangu za zamani, nilipigwa kabla daktari hajanichunguza, naomba 128 ifutwe au ipunguzwe. Huenda wakakujibu kwamba sheria haiwaruhusu kusamehe sehemu ya mgonjwa. Jibu hilo lina ukweli mahali pengine: huduma ambayo bima imelipa sehemu, daktari akizoea kusamehe mchango wa mgonjwa anaonekana anaidanganya bima juu ya bei yake halisi. Lakini kwa picha hizi bima haikutoa hata senti moja, hakuna anayedanganywa. Nimeona kliniki zikifuta picha za namna hii kwa sababu gharama yake kwao ni ndogo na mgonjwa mpya mwenye familia ni wa thamani. Nimeona pia zikikataa katakata. Wakikataa, omba kulipa kidogo kidogo bila riba, waandike kwenye karatasi. Wakikupa fomu ya kadi ya mkopo wa matibabu, irudishe. Kadi hizo nyingi hukuambia hakuna riba kwa miezi kadhaa, na ukibakiwa na deni hata dogo siku muda unapoisha, riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza, kwa kiasi chote cha mwanzo.

Njia ya rufaa kwa bima ipo. Kwa mipango ya kazini iliyo chini ya sheria ya shirikisho ya mafao ya wafanyakazi, una siku zisizopungua 180 tangu kukataliwa. Sikushauri uipoteze nguvu yako huko kama sababu ni muda tu, maana bima itanakili ukurasa wa kitabu chao na kukurudishia. Rufaa ina maana daktari akiwa na sababu ya kitabibu: uvimbe, jino la mwisho lililolala, maumivu, ajali. Uliza kliniki kama panorama ilipigwa kwa sababu maalumu. Kama ndiyo, waipeleke upya kwa bima na maelezo ya daktari. Kama jibu ni "kwa wagonjwa wapya wote", rudi kwenye hisani, na sasa una hoja nzuri zaidi. Malalamiko yakishindikana, mpango ambao kampuni ya bima ndiyo inabeba gharama uko chini ya Iowa Insurance Division. Ule ambao mwajiri anabeba gharama mwenyewe uko chini ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Ofisi ya rasilimaliwatu kazini kwako inajua wako ni upi.

Wapo watakaokuambia kuna sheria ya bili za kushtukiza iliyoanza kutumika mwaka 2022. Ipo, lakini kinga yake kwa wenye bima haigusi bima ya meno iliyosimama peke yake kama yako. Inamsaidia asiye na bima kabisa. Huyo akipanga miadi ana haki ya kupewa makadirio ya maandishi kabla, hata kwa daktari wa meno, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga ndani ya siku 120. Mwambie jirani.

Wakati mnazungumza, omba akaunti isimamishwe isipelekwe kwa wakusanya madeni, na uombe hilo kwa barua pepe. Ikienda bahati mbaya, mkusanyaji atakutumia barua, nawe una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi. Akishapokea lazima asimame hadi alete uthibitisho. Kuhusu hofu ya alama za mikopo, tangu Aprili 2023 kampuni tatu kubwa za kutunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, ziliacha kuonyesha madeni ya matibabu ya chini ya dola 500 yaliyopelekwa kwa wakusanyaji. Ila usiliweke deni hilo kwenye kadi yako ya benki, kwa sababu likishaingia huko linageuka deni la kawaida na kinga hiyo inaisha.

Lile joho zito la madini ya risasi: hawakukosea. Februari 2024 ADA ilitangaza kwamba kufunika mwili na shingo kwa joho hilo hakuhitajiki tena kwenye eksirei za meno. Mashine za sasa zinabana mionzi mahali padogo, kipimo chenyewe ni kidogo, na joho au kola ya shingo ikiingia kwenye njia ya panorama huharibu picha, ukapigwa tena. Kliniki nyingi bado wanavisha kwa mazoea, au kwa sababu kanuni za jimbo lao bado hazijabadilika, kwa hiyo usishangae ukiyakuta kwingine.

Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi kuliko hiyo 247: huko kusafisha kwa kina kwa pande nne. Namba yake ni D4341 mara nne, na hilo ndilo linaloleta bili za mamia ya dola. Kusafisha ulikofanyiwa Septemba kulilipwa kwa asilimia mia. Huku kwingine ni matibabu ya ugonjwa wa fizi. Mipango hulipa asilimia 80 au 50, baada ya wewe kutoa kiasi cha mwanzo mfukoni, mara nyingi dola 50. Kisha kuna kikomo cha mwaka. Bima nyingi za meno Marekani husimama kwenye dola 1,000 au 1,500 kwa mwaka, viwango ambavyo havijasogea sana tangu miaka ya 1970, na usafishaji na uchunguzi wako wa Septemba vinaweza kuwa vimekwisha kula sehemu yake.

Sisemi huna ugonjwa wa fizi. Siwezi kujua kutoka hapa. Ninachokijua ni kwamba ili bima ilipe D4341 inadai mambo mawili: vipimo vya kina cha fizi kuzunguka kila jino, kwa kawaida milimita 4 na zaidi, na eksirei zinazoonyesha mfupa umeanza kuliwa. Uliza: mlinipima? Ulisikia mtu akitaja namba kwa sauti, tatu, mbili, tatu, tano, tatu, huku mwenzake akiandika? Kama hukusikia chochote na hukuhisi kile kichuma chembamba kikipita kwenye fizi, omba wakuonyeshe hiyo chati. Jambo jingine la kujiuliza ni hili: kama fizi zilikuwa na ugonjwa wa pande zote nne, mbona siku hiyohiyo walikufanyia usafishaji wa kawaida wa D1110 na kuutoza? Bima nyingi hulishuku hilo, nami ningelishuku.

Omba kliniki itume makadirio ya awali kwa bima kabla hujakaa kitini. Wanapeleka chati na picha, bima inajibu kwa maandishi italipa nini na wewe utatoa kiasi gani. Inachukua wiki kadhaa. Si dhamana kamili, kwa maana kikomo chako kinaweza kuisha katikati, lakini ni karatasi, na wewe sasa umeona karatasi inavyofaa kuliko simu. Ugonjwa wa fizi hauendi mbio kiasi cha kushindwa kungoja majibu hayo. Anayekuambia ni leo au basi, ana haraka yake.

Na zile picha sita, maadamu umeshapigwa, ni zako kuzitumia. Sheria ya faragha ya afya, HIPAA, inakupa haki ya nakala ndani ya siku 30, wanaweza kutoza gharama ndogo ya kunakili tu, na hawaruhusiwi kukunyima kwa sababu hujalipa bili. Hilo la mwisho walijue. Andika barua pepe fupi: jina, tarehe ya kuzaliwa, naomba nakala za eksirei zote za Septemba na chati ya fizi, nitumieni kwa anwani hii. Zichukue, mpelekee daktari mwingine aangalie bila kukupiga upya. Uchunguzi wa pili huo unaweza kuugharimia mwenyewe na bado ukawa umeokoa pesa nyingi. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu hutoza kwa kipimo cha kipato kwa wenye kipato kisichozidi asilimia 200 ya mstari wa umaskini. Chuo cha meno cha University of Iowa kiko Iowa City, karibu saa mbili kwa gari kutoka kwenu, na kliniki za wanafunzi hutoza chini ya kliniki za kawaida, ingawa utakaa kitini nusu ya siku.

Ukienda kliniki yoyote tena, swali la "mnapokea bima yangu?" liache. Karibu kila mtu anapokea, hata aliye nje ya mtandao hupokea hela. Uliza kama wako ndani ya mtandao wa mpango wako kwa jina lake kamili, na uwape namba: D0274 na D0330, historia yangu inaonyesha nilipigwa lini, na nafasi inafunguka tarehe gani? Ukiwa kitini na mashine imeletwa, una haki ya kusema bado. Daktari naye ana haki ya kusema hawezi kutibu jino asiloliona, na akiwa na sababu, mpe nafasi aieleze.

Mwanao mpeleke. Watoto chini ya miaka 21 wenye Medicaid wana haki ya huduma za meno, eksirei zinazohitajika zikiwamo, na kliniki iliyojiandikisha na Medicaid hairuhusiwi kumdai mzazi tofauti kwa huduma inayolipwa na mpango. Thibitisha tu kwamba imejiandikisha, kwa sababu kliniki moja inaweza kuwa ndani ya mtandao wa bima yako ya kazini na isipokee Medicaid kabisa. Siku ya miadi sema mapema "Swahili interpreter". Kliniki inayolipwa na Medicaid inapokea fedha za serikali kuu, na kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya 2010 kinawataka wakupe mkalimani bure, hata kwa simu. Mtoto wako asitumwe kutafsiri bei na fomu. Wakikuletea karatasi ya kukubali kulipia huduma isiyolipwa na Medicaid, usiiguse hadi mkalimani aisome yote na waandike juu yake ni huduma ipi na dola ngapi.